Nambari Nazo Zina Kauli

 

Leo tunazungumzia nambari ambazo watu wengi siku hizi wanaamka nazo: nambari za miili yao wenyewe. Saa ya mkononi inahesabu hatua, inapima mapigo ya moyo, inakadiria usingizi. Simu inachora grafu ya uzito, ya presha, ya sukari, ya siku za hedhi, hata ya furaha na huzuni. Vifaa vya namna hii zamani ulivikuta kwa wanariadha na katika hospitali kubwa. Leo vinauzwa Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi, na mtoto anamnunulia mzazi wake zawadi ya kumtakia afya.

Kuhusu usahihi wa vifaa hivi yamesemwa mengi, na kuhusu siri za watu vilevile. Mimi nataka tukae kwenye jambo linalosahaulika: namna nambari inavyoonyeshwa, na hali inayomwachia mtu moyoni baada ya kuiona. Hoja yangu ni kwamba kumwonyesha mtu takwimu za mwili wake ni kumpasha habari. Na kupasha habari, kwetu, kuna adabu yake. Mtu hasimamishwi njiani akaambiwa habari ya msiba huku amebeba mzigo kichwani. Anakaribishwa, anakalishwa, anaambiwa ukweli wote kwa maneno anayoweza kuyabeba, na haachwi peke yake. Anayebuni skrini ya afya anafanya kazi hiyohiyo, na anapaswa kuifanya kwa adabu hiyohiyo.

Tuanze na usingizi, maana hapo ushahidi uko wazi.

Mwaka 2014, Christina Draganich na Kristi Erdal wa Colorado College, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Waliwaambia wanafunzi kwamba vifaa walivyofungwa mwilini vingeweza kutambua walivyolala usiku uliopita. Baadhi wakaambiwa kwamba usingizi wao wa ndoto ulikuwa asilimia 28.7, yaani juu ya wastani. Wengine wakaambiwa asilimia 16.2, chini ya wastani. Nambari zote mbili zilikuwa za kubuni. Kisha wakapewa mtihani wa kujumlisha tarakimu wanazosomewa moja baada ya nyingine. Walioambiwa kwamba wamelala vibaya wakafanya vibaya zaidi kuliko wenzao. Nambari ya uongo iliingia kichwani ikafanya kazi ya uchovu wa kweli.

Mwaka 2018 watafiti wa Oxford wakaendelea pale pale, safari hii kwa watu wenye tatizo la kukosa usingizi. Waliwavisha saa za kupima usingizi, kisha wakawapa majibu yaliyopangwa mapema. Walioambiwa kwamba usiku wao ulikuwa mbaya walishinda na uchovu zaidi na moyo mzito zaidi kuliko walioambiwa ulikuwa mzuri. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, mtaalamu wa usingizi Kelly Baron na wenzake walikuwa wameandika juu ya wagonjwa watatu waliofika kliniki kwa sababu ya kile saa ilichowaambia. Walikuwa wakiutafuta usingizi kamili wa kwenye skrini, wakakaa kitandani muda mrefu kuliko mwili ulivyohitaji, na kukaa huko kukazidisha shida yao. Mmoja alipimwa katika maabara ya usingizi, vipimo vikaonyesha kwamba alilala usingizi mzito, lakini yeye bado akauliza kwa nini saa yake inasema vingine. Wataalamu hao waliipa hali hiyo jina: othosomnia.

Msikilizaji, fikiri jambo hilo linavyotokea nyumbani. Mtu anafungua macho, na kabla hajajinyoosha, kabla hajauuliza mwili wake umeamkaje, anaitazama saa. Saa inamwambia: alama hamsini na nane, umelala vibaya. Huenda aliamka mzima. Sasa anakwenda kazini akiwa mgonjwa wa nambari. Saa yenyewe haiusomi ubongo. Inakisia kwa kuangalia mkono ulivyotikisika na moyo ulivyopiga. Makisio yamevalishwa vazi la hukumu, yakatolewa saa ambayo mtu hana kinga yoyote.

Mbunifu mwenye adabu angeweza kubadili mambo matatu bila kugusa kipimo hata kimoja. Kwanza, skrini imuulize mtu: umeamkaje? Ajibu, ndipo aonyeshwe makadirio. Pili, badala ya kumhukumu kwa usiku mmoja, imwonyeshe wiki mbili au tatu, ili usiku mbaya uonekane kama ulivyo, yaani usiku mmoja kati ya nyingi. Tatu, iseme waziwazi kwamba haya ni makadirio, na iache kuandika desimali zinazojifanya zina uhakika.

Sasa tuje kwenye hatua. Wengi mmesikia kwamba mtu anatakiwa kutembea hatua 10,000 kwa siku. Nambari hiyo ilitoka wapi? Ilitoka Japani, mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Kampuni moja ilianza kuuza kifaa cha kuhesabu hatua, ikakiita Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa, tena jina zuri. Likaenea hadi likageuka amri ya afya duniani. Mwaka 2019, I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha utafiti uliohusu wanawake zaidi ya 16,000 ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 72. Waliotembea hatua zipatazo 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700 hivi. Faida iliendelea kuongezeka hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia.

Hebu tazama maana yake kwa bibi wa miaka sabini. Ametoka hatua 2,500, amejitahidi, amefika 5,000. Amejipatia faida kubwa. Lakini skrini yake inamwonyesha duara lililojaa nusu tu, na nusu tupu inamtazama kila jioni. Kipimo ni sahihi, hesabu ni sahihi, na bado ujumbe uliomfikia ni kinyume cha ukweli wa afya yake. Ndiyo maana nasema kwamba lengo lililowekwa kwenye skrini ni kauli nzito. Asiyejua lilikotoka asiliweke mbele ya mtu kila siku kama sheria.

Kuna majaribio mawili ya Marekani ambayo ningependa kila kijana anayejifunza kubuni programu ayajue. La kwanza lilielezwa mwaka 2006, likaitwa Fish'n'Steps. Wafanyakazi wa ofisini walipewa vihesabu hatua, na hatua za kila mmoja zikamlisha samaki wake wa kuchorwa kwenye kompyuta. Ukitembea vya kutosha, samaki anakua na kufurahi. Ukizembea, ananuna, hata kulia. Wengine walishirikiana tangi moja, na wenzako wasipofikia lengo, maji nayo yanachafuka. Wengi walivutiwa mwanzoni. Lakini baadhi ya waliobaki nyuma walifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye aibu angefanya: waliacha kumtazama samaki. Kifaa kilichokusudiwa kuwatia moyo kikawa kitu cha kukwepwa.

La pili lilifanyika Seattle, likaongozwa na Sunny Consolvo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Liliitwa UbiFit Garden. Kwenye simu ya mshiriki palikuwa na picha ya bustani. Mwanzoni mwa wiki bustani ni majani matupu. Ukitembea, ua linachipua. Ukifanya mazoezi ya nguvu, ua la aina nyingine linachipua. Ukitimiza lengo la wiki, anatokea kipepeo. Na usipofanya kitu? Hakuna ua linalonyauka, hakuna kipepeo anayekufa. Bustani inabaki kijani, inakusubiri. Jaribio lilipita katika majira ya baridi na sikukuu za mwisho wa mwaka, wakati ambapo watu wengi huacha mazoezi. Wenye bustani kwenye simu zao waliendelea na mwendo wao. Waliokuwa na programu bila bustani, mazoezi yao yalipungua.

Samaki na bustani vyote vilihesabu mazoezi ya mtu, na tofauti yao kubwa ilikuwa katika kauli. Samaki alimwonyesha mtu upungufu wake hadharani, akaufanya umuumize kiumbe kingine. Bustani ilimwonyesha mtu alichokipanda. Baadhi ya waliowekewa samaki walijificha, waliofunguliwa bustani walirudi. Aibu inaweza kumsukuma mtu siku mbili tatu, kisha inamfundisha kutotazama, na asiyetazama hasaidiwi na kipimo chochote.

Msikilizaji mpenzi, usidhani mambo haya yameanza na simu. Akina mama wa Afrika Mashariki wamekuwa wakishika mkononi grafu ya afya kwa miaka mingi: kadi ya kliniki ya mtoto. Chimbuko lake moja kubwa ni kazi ya daktari Mwingereza, David Morley, aliyefanya kazi Nigeria ya magharibi katika miaka ya 1950, ikiwa ni pamoja na katika kijiji cha Imesi-Ile. Kadi yake ilikuwa na hekima ambayo watengenezaji wengi wa saa za leo hawajaifikia. Ilikaa kwa mama mwenyewe, nyumbani kwake, haikufungiwa kabatini hospitalini. Na fundisho lake kuu lilikuwa hili: mwelekeo wa mstari una uzito kuliko nukta ilipo. Mtoto mdogo wa umbo ambaye mstari wake unapanda mwezi hadi mwezi anaendelea vyema. Mtoto mnene ambaye mstari wake umelala miezi miwili mfululizo anahitaji kuangaliwa, hata kama bado yuko kwenye eneo la kijani.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki anajua pia kwamba kadi hiyohiyo inaweza kusomwa kwa namna mbili. Nesi mmoja anainua kadi mbele ya foleni nzima na kuuliza kwa sauti: mama, huyu mtoto unamlisha nini? Mama anainamisha kichwa, na mwezi ujao haji. Nesi mwingine anamsogeza kando, anamwekea kidole kwenye mstari, anamwambia: tazama, hapa alipanda vizuri, hapa amesimama, mwezi huu kulitokea nini nyumbani? Mama anasema mtoto aliharisha, au baba amekosa kazi. Wanapanga pamoja uji utiwe karanga, wanapeana siku ya kurudi. Nesi wa pili hakuficha chochote. Alisema ukweli uleule, akauweka mahali ambapo mama angeweza kuufanyia kazi. Skrini ya simu haina nesi pembeni, kwa hiyo ubunifu wenyewe lazima ubebe wema wa yule nesi wa pili: faragha, mwelekeo, swali kuhusu kilichotokea, na hatua inayofuata.

Wenzetu wanaoishi na kisukari wanalifahamu hili kuliko wengi wetu. Kwa miaka mingi daftari la sukari lilisomwa kama daftari la makosa, kila nambari ya juu ikiwa ushahidi dhidi ya mgonjwa. Vilipopatikana vifaa vinavyopima sukari mchana na usiku, nambari ziliongezeka kwa mamia, na lawama nazo zingeweza kuongezeka hivyohivyo. Mwaka 2019 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana juu ya njia nyingine ya kuangalia: muda gani wa siku sukari imekaa ndani ya eneo linalofaa, yaani kati ya 3.9 na 10 kwa kipimo cha milimoli kinachotumika kwetu. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, lengo ni zaidi ya asilimia 70 ya muda. Sikiliza vizuri: sabini, wala si mia. Sehemu kubwa ya muda uliobaki inaruhusiwa kuwa juu kidogo, maana mtu anaishi, anakula harusini, anaugua mafua, anapandwa na hasira. Bado sukari ya kushuka mno inasimamiwa kwa ukali, kwa sababu inaweza kuua. Huo ni mfano mwema wa kipimo kinachojua ubinadamu wa mwenye kipimo na pia kinajua hatari ilipo.

Nalisema hili la hatari makusudi, kwa sababu najua baadhi yenu mnajiuliza: je, tunataka watu wabembelezwe hadi wafe? Hapana. Presha ikifika 180 kwa 120, skrini isichore maua. Iseme waziwazi: kaa chini, tulia dakika chache, pima tena, ikibaki hapo wasiliana na daktari, na kama una maumivu ya kifua, unashindwa kupumua au kuongea, nenda hospitali sasa hivi. Adabu ya kupasha habari haijawahi kumaanisha kuficha habari. Ubaya wa skrini nyingi ni kwamba zinatumia rangi ileile nyekundu kwa presha ya kutisha na kwa hatua mia tano zilizokosekana. Mtu akipigiwa kengele kila siku kwa jambo dogo, siku ya jambo kubwa hataamka. Nyekundu itunzwe kwa ajili ya hatari ya kweli.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi moja kwa moja: kalenda ya maisha yetu. Mwezi wa Ramadhani, kuanzia Lamu hadi Unguja hadi Muscat, mtu anaamka kula daku, anarudi kulala baada ya alfajiri, anapunguza mwendo wa mchana, anasimama katika tarawehe usiku. Kifaa kisichojua Ramadhani kinauona mwezi mzima wa ibada kuwa mwezi wa kuporomoka. Mlinzi wa usiku na nesi wa zamu wanaandikiwa kila siku kwamba wamelala saa isiyofaa, kana kwamba hawajui. Aliyefiwa anakaa matanga, na saa inamkumbusha kusimama na kutembea. Mama aliyejifungua wiki iliyopita anapokea alama ya usingizi ambayo hakuiomba. Kwa muda mrefu saa ya Apple haikuwa na njia ya kusimamisha duara za mazoezi bila kuvunja mfululizo wa siku. Uwezo huo ulifika na mfumo wa mwaka 2024. Umechelewa, lakini ni wa kupongezwa, na mbunifu wa kwetu anaweza kwenda mbali zaidi. Aweke kitufe cha mfungo, cha ugonjwa, cha msiba, cha uzazi, cha safari. Mtu akikibonyeza, grafu iandike sababu pale pale juu ya mstari, ili akitazama nyuma baada ya mwaka aone maisha yake na si mabonde yasiyo na maelezo.

Na pale mtu anaporekodi hisia zake, adabu izidi. Mwenye huzuni nzito akifungua programu akakuta wiki nne za nyuso zilizonuna zimepangwa mstari, anaweza kuamini kwamba hajawahi kuwa na siku njema. Skrini imwonyeshe pia siku zilizokuwa afadhali na alichoandika siku hizo: alikutana na nani, alifanya nini. Ikiwa hali inashuka mfululizo, isiishie kwenye kuchora mteremko, imuulize kama angependa kumpigia mtu aliyemchagua mwenyewe wakati alipokuwa mzima.

Tena tukumbuke kwamba si kila kitu kinataka kupimwa. Mwaka 2016 Jordan Etkin, mtafiti wa masuala ya walaji nchini Marekani, alionyesha kwa majaribio kwamba watu wakihesabiwa jambo wanalolipenda, kama kutembea au kupaka rangi michoro, wanaweza kulifanya kwa wingi zaidi lakini wakalifurahia kidogo zaidi, maana mchezo umegeuka kazi. Kwa upande mwingine, wabunifu wawili, Giorgia Lupi akiwa New York na Stefanie Posavec akiwa London, walitumia mwaka mzima kutumiana kadi za posta, kila mmoja kadi 52, moja kila wiki. Kila mmoja alichora kwa mkono takwimu za wiki yake: shukrani alizotoa, malalamiko yake, vicheko vyake. Walichagua wenyewe cha kuhesabu, wakakichora taratibu, wakamwonyesha rafiki anayewajali. Takwimu zilezile ambazo zingeweza kumtesa mtu ziliwaongezea kujuana. Jumba la sanaa la MoMA la New York lilizinunua kadi hizo kwa ajili ya hazina yake.

Sasa nizungumze na vijana wetu wanaoandika programu Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali. Kabla hamjapeleka skrini yenu sokoni, mpelekeeni mtu aliyeshindwa kufikia lengo wiki nzima. Kaeni naye anapoifungua. Msimuulize kama imependeza, mwulizeni: baada ya kuiona, unataka kufanya nini? Akisema anataka kuifunga, rudini mezani. Akisema anataka kujaribu kesho, mmefanya kazi ya kumfaa binadamu.

Na wewe msikilizaji uliyevaa saa mkononi, una mamlaka kuliko unavyodhani. Fungua mipangilio leo. Lengo ulilowekewa na kiwanda libadilishe liwe lako, hatua elfu moja juu ya kawaida yako, basi. Zima arifa za asubuhi, uangalie usingizi wako mara moja kwa wiki. Ukiamka, jiulize hali yako kabla hujaiuliza saa. Kama unapima presha au sukari kwa agizo la daktari, endelea kupima bila kuacha, uandike na sababu kando ya nambari, kisha uende nazo kliniki ili msome pamoja. Na kama kifaa kimekuwa kikikuvunja moyo kila siku bila kukusaidia lolote, una ruhusa kamili ya kukivua.

Kipimo kiliwekwa kimtumikie mtu. Tuwadai wanaotuuzia vipimo watupe ukweli, na watupe kwa heshima tunayowatarajia watu wanaotuletea habari za wapendwa wetu.